Fundi Hupima Mkono Kwanza

Jioni moja baada ya sala ya Alasiri tulikuwa tumeketi barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, kahawa ikipita na mazungumzo yakipanda na kushuka kama ilivyo ada yetu. Akatokea kijana wa jirani, ambaye yuko Marekani kwa kazi miaka mingi sasa, na safari hiyo alikuwa amekuja kuwatazama wazazi wake. Alitupa salamu, tukamwitikia, akapata nafasi ya kukaa. Kisha akatoa mfukoni kitu cha mti, cha mviringo, ukubwa wake kama chungwa dogo, kimepigwa msasa hata kikang'ara. Akatuuliza, "Wazee wangu, hiki ni nini?"

Mmoja wetu akasema ni pia ya kuchezea watoto. Wa pili akasema ni kifundo cha tendegu la kitanda cha kikwetu. Mimi nilidhani ni kichwa cha bakora. Sote tulikosa. Kitu kile kilikuwa maikrofoni, na kilikerezwa na fundi mmoja huko Marekani kwa ajili ya kijana wetu yule peke yake, maana saa za mapumziko yeye hupiga kinanda cha mdomo.

Najua miongoni mwa wasomaji wangu wapo wasiopenda habari za ala na nyimbo, na kila mtu ana rai yake. Nawaomba wanivumilie, maana shabaha yangu leo si wimbo. Shabaha yangu ni ufundi wa mkono, na swali ambalo lanikera tangu jioni ile: kwa nini katika nchi ya viwanda vikubwa kama Marekani, ambako maikrofoni hutolewa kwa maelfu, mtu aende kwa fundi mmoja wa mbao, alipe zaidi ya mara mbili, na angoje miezi?

Ili tupate jibu yafaa tuanze na kinanda chenyewe. Kinanda cha mdomo cha kawaida kina matundu 10, na ndani yake mna ndimi 20 nyembamba za shaba. Nyingine hulia upulizapo, nyingine uvutapo pumzi. Jina kubwa katika biashara hii ni Hohner, kazi iliyoanzishwa mwaka 1857 na Matthias Hohner, fundi wa saa, katika mji wa Trossingen, Ujerumani. Mwaka 1896 wakatoa kile kiitwacho Marine Band, ambacho mwili wake wa kati ulikuwa wa mti wa mpea. Bei yake ilikuwa ndogo na chaingia mfukoni. Kwa hivyo hata kibarua wa mashamba ya pamba, huko majimbo ya kusini ya Marekani, aliweza kuwa nacho.

Watu weusi wa majimbo hayo walikichukua kinanda cha Wajerumani wakakifundisha kulia kwa sauti ambayo mwenye kukiunda hakuikusudia. Walijua namna ya kuvuta pumzi hata noti ikapinda, ikawa kama mtu anayelalama. Na walipohama kwa malaki kwenda miji ya kaskazini kutafuta kazi na kuepuka dhuluma, walikwenda nacho. Wengi waliishia Chicago.

Huko Chicago walikuta makelele. Siku za Jumapili wapigaji walisimama kando ya njia katika soko la Maxwell Street, katikati ya wachuuzi wa nguo, vyombo na vyakula. Usiku walipiga katika vilabu ambamo gita lilikuwa limekwisha kutiwa umeme na ngoma zapigwa kwa nguvu. Kitu kidogo cha kushika kiganjani kitasikikaje hapo? Ndipo walipotafuta maikrofoni, na kwa kuwa fedha zilikuwa chache, walichukua zile za rahisi.

Na zile za rahisi, ndugu msomaji, hazikufanywa kwa ajili ya muziki hata kidogo. Kampuni ya Astatic ya jimbo la Ohio ilikuwa na maikrofoni iitwayo JT-30. Kampuni ya Shure, ya hapo hapo Chicago, ilitoa mwaka 1949 ile ambayo wapigaji huiita Green Bullet, kwa kuwa ina rangi ya kijani na umbo lake lafanana na risasi. Hizi zilikuwa za watu wa kusema: mtu wa simu za upepo, mtu wa kutangaza safari, mtu wa kuwaita watu kwa jina. Kazi yake ilikuwa neno lisikike. Hakuna aliyezikusudia kwa uzuri wa sauti.

Wapigaji wakaiondoa maikrofoni katika kigingi chake, wakaifumbata kwa mikono miwili pamoja na kinanda, vyote vikawa kitu kimoja. Hewa ikifungiwa ndani ya viganja namna hiyo, sauti kali zapungua na zile nzito zapata nguvu. Maikrofoni yazidiwa, na mtambo wa valvu ulioko nyuma nao wazidiwa, na inayotoka ni sauti nene yenye mkwaruzo, kama ya tarumbeta kubwa. Asiyejua hawezi kuamini kwamba imetoka katika kitu cha mfukoni.

Aliyeitia sifa sauti hiyo kuliko wote ni Marion Walter Jacobs, mzaliwa wa Louisiana, aliyejulikana kwa jina la Little Walter. Hakuwa wa kwanza kutumia maikrofoni, lakini aliifanya kuwa sehemu ya ala yenyewe. Tarehe 12 Mei 1952, akiwa kijana wa miaka 22, alirekodi huko Chicago sahani iitwayo Juke, isiyokuwa na neno la kuimbwa hata moja. Sahani hiyo ilikaa wiki nane juu kabisa katika orodha ya jarida la Billboard ya nyimbo za ridhimu na bluzi. Alifariki mwaka 1968, hajatimiza miaka 40, na mwaka 2008 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa rock and roll huko kwao. Tangu zama zake, kila apigaye kinanda cha mdomo kwa mtindo wa Chicago huitafuta sauti ile.

Hapo ndipo taabu ilipoingia. Moyo wa zile maikrofoni za Astatic ulikuwa kipande cha chumvi ya namna yake, iitwayo chumvi ya Rochelle. Ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba vipande vya namna hii vikibanwa hutoa umeme kidogo. Mtu apulizapo, sauti hukibana kipande, nacho hutoa umeme unaokwenda kwenye mtambo. Jambo la ajabu, lakini chumvi ni chumvi. Joto laiharibu na unyevunyevu waiharibu. Hapa petu pwani, nadhani haingemaliza kaskazi mbili. Basi nyingi kati ya zile za kale zimekufa, na zilizobaki hutafutwa kama dawa.

Mafundi wa mbao ndio walioziba pengo. Mmoja hapa, mwingine pale, kila mtu katika karakana yake, huchukua moyo mzima wa maikrofoni ya kale, au mpya ufananao nao, wakaujengea nyumba ya mti. Huchagua gogo lililokauka sawasawa, la mjozi au la mcheri, wakalifunga kwenye kerezo, wakalizungusha na kulichonga nje na ndani hata likabaki kama kibuyu chembamba. Moyo hutiwa katika pete ya mpira ili usitikisike, waya ukatolewa kwa nyuma, na pengine kidude cha kupandisha na kushusha sauti kikawekwa pale kidole kifikapo bila kutafuta.

Nilimbana kijana wetu kwa swali. Je, ni mti unaotoa sauti ile nzuri? Alicheka akasema wapo wanaoapa kwamba kila mti una sauti yake, lakini yeye hadhani hivyo. Sauti, alisema, hutoka katika moyo wa maikrofoni, katika mtambo, na zaidi ya yote katika kinywa na viganja vya mpigaji. Mti huongeza kidogo sana.

"Basi ulilipia nini?" nikamwuliza.

"Nililipia mkono wangu," akanijibu.

Akatueleza. Mikono yake ni midogo. Ile maikrofoni ya chuma ilikuwa kubwa na nzito kwake. Kila akiifumbata pakabaki mwanya, na sauti ikavujia hapo. Baada ya nusu saa kifundo cha mkono kilimwuma. Miaka mingi alidhani kosa ni lake, kwamba hajui kupiga. Fundi alipopokea barua yake hakumwuliza ataka rangi gani. Alimwambia aweke kiganja juu ya karatasi, akizungushie kalamu, aipeleke karatasi ile. Ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya yule fundi: alipima mkono kabla ya kugusa mti.

Maneno hayo yalinichoma, maana yalinikumbusha marehemu baba yangu.

Baba alipoanza kuumwa goti nilimnunulia bakora dukani, ya kiwandani, yenye mpini wa plastiki. Ilikuwa nzuri machoni. Lakini mpini ulikuwa mwembamba kwa kiganja chake cha ubaharia, na siku moja ukamteleza ngazini, akaanguka. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini tangu siku ile aliogopa kutoka, na nyumba ikawa kifungo chake. Ndipo mama akanituma kwa mzee mmoja mkereza wa mtaani kwetu, ambaye kerezo lake lilikuwa la kamba, mmoja avuta na mwingine ashika patasi. Mzee alikuja mwenyewe nyumbani. Akamshika baba mkono kama atakaye kumsalimu, akaushika kwa muda, akaukunja vidole, akaenda zake. Siku ya tano bakora ililetwa. Baba aliitembelea mpaka msikitini na sokoni muda wa miaka sita, na haikumteleza.

Na mimi, je, nilimlipa mzee yule thamani ya kazi ile? Sikumlipa. Nilivutana naye bei. Nilimwambia mbona ile ya dukani ni rahisi. Nikamwambia hivyo mtu aliyenirudishia baba yangu barazani! Alipunguza, akachukua alichopewa, akaondoka. Hakuwa na mwanafunzi. Wanawe walikuwa wameona jinsi watu wanavyovutana naye bei, wakatafuta kazi nyingine. Mzee amekwisha fariki, na mtaani kwetu leo hakuna akerezaye.

Hiyo ndiyo khofu yangu. Hatukosi mti wala hatukosi akili. Lamu yajulikana ulimwenguni kwa nakshi za milango yake, na mwaka 2001 haukuhitajika ili sisi tujue uzuri wake, ingawa ni mwaka huo wa 2001 UNESCO ilipouandika mji ule wa kale katika urithi wa dunia. Na mpingo wa jirani zetu wa Tanzania na Msumbiji ndio unaokwenda Ulaya kufanywa klarineti na zumari za bei kubwa. Mti ni wetu, ila thamani huongezwa kwingine, na anayeiongeza ni fundi aliyefundishwa, akaheshimiwa, akalipwa.

Mafundi nao wana lao. Tumechoka na "njoo kesho". Fundi wa kijana wetu alimwambia angoje miezi minne, na mwezi wa nne kazi ilifika. Mteja haoni uzito kungoja akijua angoja mpaka lini. Kinachomkimbiza kwenda dukani ni ahadi isiyokuwa na mwisho.

Lakini mzigo mkubwa ni wetu sisi wanunuzi. Kitu cha kiwandani hufanywa kwa mkono wa mtu asiyekuwapo, mkono wa kadiri, ambao si wako wala si wangu. Kwa mambo mengi hilo latosha, na sisemi tutupe sufuria zetu tukafinyange vyungu. Lakini kuna vitu ambavyo visipomtosha mwenyewe humwangusha: bakora ya mzee, mpini wa shoka, kiti cha mgonjwa, kalamu ya mtoto mwenye kilema cha vidole. Kwa vitu hivyo, yule apimaye mkono kwanza hana badala, na akiondoka hatumpati kwa kuagiza melini.

Kabla hajaondoka, kijana wetu aliizungusha maikrofoni yake barazani, kila mtu akaishika. Katika mkono wangu ilipotea, katika wa jirani yangu ilichezacheza. Iliporudi kwake ikatulia.

Kerezo la yule mzee bado liko kwao, limefunikwa gunia chini ya ngazi, na patasi zake zimefungwa kwa kitambaa. Nilikwenda juzi kumpa mkono mjane wake, na kulipa, kwa kuchelewa, kile nilichompunguzia mumewe. Aliniambia hajaliuza na hataliuza. Akipatikana kijana atakaye kujifunza, na mtu mzima wa Lamu au kwingineko wa kumwonyesha, yeye yuko tayari kulitoa bure. Mwenye kijana kama huyo na amlete. Njia ya kwenda nyumba ile naijua.