Gofu ya uani si mchezo wa kitoto

Aprili 2012, kwenye shimo la 10 la uwanja wa Augusta, Marekani, Bubba Watson alijikuta ndani ya misonobari, hata shimo halioni. Ulikuwa mchezo wa mtoano wa mashindano ya gofu ya Masters, mpinzani wake Louis Oosthuizen. Watson, anayepiga kwa mkono wa kushoto, aliuchomoa mpira mitini, ukapinda angani kwenda kulia kiasi cha yadi 40, ukatua kwenye grini. Muda mfupi baadaye akavishwa koti la kijani la ubingwa.

Pigo lile halikuzaliwa Augusta. Lilianzia Bagdad, mji mdogo wa Florida, ambako baba yake alimkatia fimbo ya kimo chake, naye akawa anapiga mipira ya plastiki yenye matundu kuizunguka nyumba yao; mzunguko mmoja kwa kulia, mwingine kwa kushoto. Kona za nyumba ndizo zilizomlazimisha kuupinda mpira. Watson mwenyewe husema hakuwahi kufundishwa na kocha.

Pamoja na hayo, klabuni bado wapo wanaoucheka mpira huo wa plastiki, eti wa watoto. Wanakosea.

Mpira wa mashindano una uzito usiozidi gramu 45.93, na bingwa akiupiga kwa fimbo ya dreva huondoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Huo haupigwi uani, labda kama mtu ameshachoka kuishi vizuri na majirani. Wa plastiki ni mwepesi mno, na hewa huukaba mapema. Unapaa vizuri, kisha unaishiwa nguvu na kudondoka karibu. Kwa hiyo mchezaji anauona wote: ulivyotoka, ulivyopinda, ulipoangukia. Anauokota, anarekebisha mshiko, anapiga tena.

Hata Jack Nicklaus, mshindi wa mataji makubwa 18, aliwahi kuuamini mpira usiofika mbali. Miaka ya 1980 alichora uwanja kisiwani Grand Cayman, ambako ardhi ni haba, uchezwe kwa mpira maalumu unaofika takriban nusu ya umbali wa kawaida. Badala ya vijishimo vya mpira wa kawaida, mpira huo ulikuwa na vinundu. Haukuenea duniani, lakini hoja yake ilikuwa sahihi: kinachoifanya gofu idai ardhi kubwa ni mpira wenyewe.

Mpira wa plastiki una mipaka yake, bila shaka. Haumwambii mtu fimbo namba saba inamfikisha wapi, na ni mwepesi kiasi kwamba upepo kidogo tu unaupotosha. Kwa kuchomoa mpira mchangani au kusoma mteremko wa grini, hausaidii kitu.

Afrika Mashariki ndiko mpira huu ungefaa zaidi. Uwanja wa mashimo 18 hula makumi ya hekta, na wachezaji wetu wengi wa kulipwa waliingia kwenye gofu wakiwa wabeba mifuko, maana hapakuwa na mlango mwingine. Shule yenye kiwanja cha kandanda tayari ina nafasi ya kutosha. Vyama vya gofu na klabu za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zikusanye fimbo kuukuu zinazolala makabatini, ziongeze katoni za mipira ya plastiki, zizipelekee shule za jirani muhula huu.