Dawa za moyo haziachwi kwa kupata nafuu

Mhariri,

Mishipa inayolisha moyo huziba polepole, kwa miaka, lehemu ikijikusanya kwenye kuta zake. Stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachowekwa na mabingwa kama wale wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hupanua sehemu iliyobana tu, ugonjwa hubaki. Ndiyo maana mgonjwa hutoka na mfuko wa dawa. Aspirini na klopidogreli huzuia damu kuganda ndani ya stenti, na mara nyingi hutumiwa pamoja kwa miezi 6 hadi 12. Kuziacha mapema bila kumuuliza daktari, hata kwa ajili ya kung'oa jino, ni hatari zaidi kuliko michubuko midogo inayoletwa na dawa hizo na kuwaudhi wengi. Atovastatini hushusha lehemu. Ikileta maumivu ya misuli, daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa. Bisoprololi hupunguza kasi ya mapigo, na mwanzoni huweza kuleta uchovu ambao jamaa huuita uvivu, bila haki. Nitrogliserini, dawa ya kutuliza maumivu ya kifua, huwekwa chini ya ulimi mgonjwa akiwa ameketi, kwa kuwa hushusha presha haraka. Haichanganywi kamwe na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, jambo ambalo wanaume wengi huona haya kuliulizia.

Msomaji,
Dar es Salaam