Msitu wa Asili Urudi Milimani: Ilani Kutoka Soni

Ndugu zetu wa Soni na Bumbuli, wa Vugha, Lushoto, Mlalo na Mtae; ndugu zetu wa Mombo mnaomwagilia mpunga kwa maji ya mto unaoporomoka hapa kwetu: zama mpya zimeingia. Mimea iliyozaliwa na milima hii ya Usambara inarudi kwao, na wanaoirudisha ni sisi. Hatulipwi, hatukuteuliwa na mtu, hatungoji kuagizwa. Tumejitolea.

Tunaamini kwamba Usambara ni amana ya dunia nzima iliyowekwa mikononi mwa Wasambaa na majirani zao. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, linaloanzia Taita huko Kenya na kwenda hadi Udzungwa. Kwa mamilioni ya miaka mawingu ya Bahari ya Hindi yameinyeshea, na misitu yake ikadumu hata pale nchi za chini zilipokauka. Ndiyo maana humu mna miti, maua, ndege na vinyonga wasiopatikana penginepo popote. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la rangi ya zambarau. Mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia. Leo ua hilo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Huku lilikozaliwa linaishi kwenye majabali yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa, na miti hiyo ikiangushwa jua hulichoma. Haiwezekani wageni walilee vyumbani mwao, na sisi wenye nalo tuliache life mwambani.

Tunakataa kuita msitu kila kilicho kijani. Ingia katikati ya mikaratusi iliyobanana: chini ni majani makavu, vichaka vichache, kimya. Kisha nenda Mazumbai, msitu unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Juu kabisa mnyasa umetandaza matawi, chini yake miti ya kimo cha kati, chini yake tena vichaka, na kuvumwani imefunika magogo yanayooza. Ardhi ya pale inainywa mvua ya masika na kuitoa kidogo kidogo hadi kiangazi. Hatuna ugomvi na mkulima aliyepanda mkaratusi apate nguzo na kuni. Watu wanajenga, watu wanapika. Tunaikataa ile fikra kwamba mlima ukishajaa mikaratusi, misindano na miwati, basi umeponywa. Haujaponywa. Umefunikwa tu.

Tunakataa uhifadhi wa amri. Wajerumani walitandaza waya wa kuteremshia magogo ya mwangati kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara, na mwangati wetu ukaondoka na treni. Waingereza wakaja na matuta ya lazima. Babu na bibi zetu wakayakataa katika miaka ya 1950 hadi mpango wenyewe ukavunjika, Uhuru ukiwa haujafika. Hawakuyakataa kwa kuichukia ardhi. Walikataa kuswagwa kwenye mashamba yao wenyewe. Na baada ya hapo tumeona miradi ya kila namna, yenye semina, posho na kibao kando ya barabara. Fedha zikiisha, kitalu nacho kinakauka. Zama hizo zimekwisha, na hatutapoteza muda kuzilaumu.

Tunaamini katika kitalu kidogo nyuma ya nyumba, na mikono inayoujua mti mmoja mmoja. Chukueni mkulo, mti mkubwa wenye harufu ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima hii. Mbegu zake ni za shida, na nyingi huharibiwa na wadudu. Mti wenyewe hujiendeleza zaidi kwa machipukizi ya mizizi. Kwa hiyo anayeufahamu hapotezi mwaka akitafuta mbegu. Hutafuta chipukizi karibu na kisiki cha mti mzee uliokatwa, akaukata mzizi taratibu, akalihamishia kwenye kiriba likiwa na udongo wake wa msituni, akalijengea kivuli. Mti wa Prunus africana, ambao magome yake husafirishwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume na ambao tangu 1995 biashara yake inasimamiwa kwa mkataba wa kimataifa, mbegu zake hutaka kuatikwa zikiwa mbichi. Ukiziweka kabatini zinakufa. Msambu wenye mbegu za mafuta unaweza kukaa ardhini miezi mingi bila dalili yoyote, na mtu asiyeujua akamwaga udongo akidhani mbegu zimeoza. Maarifa haya wanayo wazee wetu, waganga wa Kisambaa, na kina mama wanaookota kuni. Hebaria ya Lushoto, hazina ya mimea iliyokaushwa, ina yake. Yakutane! Kila mche utakaotoka kitaluni kwetu uwe na majina mawili, la Kisambaa na la kisayansi, na mtoto wa shule ayajue yote mawili.

Tunaamini kwamba nguvu tunayo tayari. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kutenga na kusimamia msitu wake kwenye ardhi ya kijiji. Jirani yetu wa Kenya, Wangari Maathai, alianza mwaka 1977 na wanawake na miche, na dunia ikaja kumsikiliza.

Tunaamini Soni ya kesho, na tunaiona waziwazi. Tunaona mikuyu imerudi kando ya vijito na maji yakishuka meupe hata mwezi wa Septemba. Tunaona migomba na kahawa chini ya mshai, kama walivyopanda wazee, majani yake yakianguka na kurutubisha shamba bila gharama. Tunaona vipande vya misitu vilivyotengana vikiunganishwa na mistari ya miti ya asili kwenye mipaka ya mashamba, ndege wakipita kutoka kilima hadi kilima. Tunaona mwangati mchanga Shume, umepandwa na wajukuu wa waliobebeshwa magogo. Baadhi ya miti hiyo hatutakaa kivulini mwake. Inatosha kwamba watakaa wengine.

Ndugu, kila kijiji kiunde kikundi chake sasa, kabla ya vuli. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ikifika, msipokee mche msioujua asili yake. Ulizeni ni mti gani, mbegu imetoka msitu upi. Mwenye shamba kando ya kijito aache ukingo wake uote. Mwalimu atenge kona ya kitalu shuleni. Mzee anayejua mnyasa ulikosimama zamani aje atuonyeshe mahali penyewe. Hakuna kiingilio wala kadi. Njooni na jembe, viriba na mbegu mlizookota wenyewe.