Bomba Jipya Katika Mtambo wa Zamani

Mtambo wa mafuta haubaki jinsi ulivyojengwa. Kadiri miaka ipitavyo huongezwa tangi, pampu, vali au kipande cha bomba, kwa kuwa mahitaji hubadilika na vyombo huchakaa. Bomba la TAZAMA, lililoanza kusafirisha mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola mwaka 1968, liligeuzwa mwaka 2023 ili lisafirishe dizeli. Mabadiliko ya namna hiyo hayaepukiki. Linalopasa kukataliwa ni dhana kwamba nyongeza ndogo ni kazi ya fundi wa kuchomelea peke yake, na kwamba hesabu za wahandisi waliojenga mtambo zinatosha kwa kila kipande kitakachoongezwa baadaye.

Gharama ya dhana hiyo ilionekana Flixborough, Uingereza, mwaka 1974. Kiwanda cha huko kilitengeneza malighafi ya nailoni kutokana na sikloheksani, kimiminika kinachowaka kwa urahisi kama petroli. Kimiminika hicho kilipita katika matangi sita yaliyopangwa mfululizo, kila moja likiwa chini kidogo kuliko lililotangulia. Mwezi Machi tangi la tano lilionekana kuwa na ufa, likaondolewa. Ili kazi isisimame kwa muda mrefu, tangi la nne na la sita yaliunganishwa kwa bomba la muda. Matundu ya matangi yalikuwa na kipenyo cha inchi 28. Bomba lililopatikana lilikuwa la inchi 20. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki sakafuni mwa karakana.

Kwa kuwa matangi hayo hayakuwa katika kimo kimoja, bomba lilipindwa, na kila mwisho wake ukaungwa kwa kiungo chenye mikunjo, mfano wa mvukuto wa mhunzi. Shinikizo la ndani lilisukuma kila mwisho kwa nguvu ya zaidi ya tani 30, lakini misukumo hiyo miwili haikukabiliana katika mstari mmoja. Hivyo ikatokea nguvu ya kulipindua bomba, nalo liliegemezwa tu juu ya jukwaa la vyuma vya ujenzi. Mhandisi wa mitambo angaliweza kuitambua hatari hiyo kwa hesabu fupi. Lakini nafasi ya mhandisi wa kiwanda ilikuwa wazi. Tarehe 1 Juni viungo vilipasuka, wingu la mvuke likalipuka, na watu 28 wakafa.

Pengine itasemwa kwamba hayo ni mambo ya kale, na kwamba vyombo vya kisasa ni salama zaidi. Bohari ya mafuta ya Buncefield, kaskazini mwa London, yajibu hoja hiyo. Mwezi Desemba 2005 kipimo cha kina cha petroli katika tangi mojawapo kilikwama. Swichi iliyofungwa mwaka 2004, ambayo ilipasa kusimamisha upokeaji wa mafuta tangi lijaapo, haikufanya kazi. Swichi hiyo ilihitaji kufuli ili kuushikilia wenzo wake mahali pake. Waliokabidhiwa walidhani kwamba kufuli ni la kuzuia waharibifu tu, wasilifunge. Zaidi ya lita 250,000 za petroli zilimwagika, mlipuko ukatokea, na watu zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kifaa kilikuwapo; maelezo yaliyopasa kufuatana nacho ndiyo yaliyokosekana.

Kwa hiyo kila nyongeza, hata ya siku chache, yafaa ihesabiwe kuwa ujenzi mpya. Iwe na mchoro, hesabu ya nguvu na joto, na sahihi ya mhandisi mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Ijaribiwe kwa shinikizo kubwa kuliko lile la kazi kabla ya mafuta kupitishwa. Nao wanaouendesha mtambo waelezwe jinsi kila sehemu mpya ifanyavyo kazi na kwa nini imewekwa. Neno "muda" lisipunguze lolote kati ya hayo, maana shinikizo halibagui bomba la kudumu na la muda.

Wapo watakaopinga kwamba wahandisi ni wachache, na kwamba kila siku ya kusimama ni hasara kwa kiwanda na kwa taifa linalongoja mafuta. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, uhaba wa wahandisi ni sababu ya kuazima mtaalamu kutoka chuo au kiwanda jirani, si sababu ya kuendelea bila hesabu. Flixborough iliogopa kupoteza siku za kazi, ikapoteza watu na mtambo mzima. Mamlaka ya kusema "bado" yafaa yawe mikononi mwa mtu ambaye kazi yake haipimwi kwa mapato ya siku.