Ndege Hii Ilikuwa na Kituo Tanga

Ipo kauli ambayo kila anayeunganisha modeli za ndege hapa Arusha ameshaizoea: "Hizo ni ndege za vita ya Wazungu, sisi zinatuhusu nini?" Ikitoka kwa mpita njia aliyemwona mtu mzima ameinamia vipande vya plastiki, naipuuza. Inayoniuma ni ile inayotoka kwa muundaji mwenyewe. Kijana ana msasa, ana gundi, ana subira ya kukaa jioni nzima akilainisha ungio la bawa. Ndugu yake yuko Dubai au London, anarudi Desemba, anamuuliza amletee boksi gani la ndege ya kivita ya manowari. Kijana anajibu: "Yoyote tu, kaka, mradi iwe kali." Kwa kuwa hazituhusu, zote ni sawa. Na zikishakuwa sawa, inachukuliwa ile yenye picha ya kuvutia zaidi juu ya boksi, ambayo karibu kila mara ni Corsair.

Corsair siichukii. Mabawa yake yaliyopinda yana sababu ya kihandisi: panga lake lilikuwa na kipenyo cha mita 4 hivi, kwa hiyo bawa likapindwa kwenda chini ili miguu ya magurudumu ibaki mifupi na imara huku panga likiwa juu ya sitaha. Na Bahari ya Hindi iliijua. Aprili 1944 Corsair za Waingereza ziliruka kutoka manowari ya kubeba ndege HMS Illustrious kwenda kushambulia Sabang, kule Sumatra. Lakini wakati huo Illustrious ilikuwa ikitokea Trincomalee, Ceylon. Miaka miwili kabla ya hapo meli hiyohiyo ilikuwa katika maji ya Afrika Mashariki, na ndege za kivita zilizokuwa juu ya sitaha yake zilikuwa za aina nyingine kabisa. Hizo ndizo ninazotaka vijana wetu waziombe: Grumman Martlet, ambayo Wamarekani waliiita Wildcat, jina ambalo Waingereza nao walilichukua mwaka 1944.

Sababu yangu si uzuri wake. Nasema hivi kwa kuwa kauli kwamba ndege hizi hazituhusu ni ya uongo, na uongo wenyewe unaweza kuonyeshwa kwa tarehe na mahali.

Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za manowari za Japani ziliipiga Colombo. Siku nne baadaye zikaipiga Trincomalee na kuizamisha HMS Hermes, manowari ya kubeba ndege. Ndege za kivita za Kijapani aina ya Zero ziliwazidi Waingereza angani kiasi kwamba Admirali James Somerville alilazimika kuzitoa meli zake katika eneo lile. Zilikwenda wapi? Kilindini, Mombasa. Tangu hapo hadi mwanzoni mwa 1944 Kilindini ikawa nguzo ya Kikosi cha Mashariki cha Jeshi la Majini la Uingereza. Hata wataalamu wa kufumbua misimbo ya Kijapani walihamishwa kutoka Colombo wakawekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, mjini Mombasa. Kwa hiyo hata yule anayeipenda Zero ana kisa cha hapa kwetu cha kuisimulia, kama angetaka kukijua.

Manowari ya kubeba ndege haiwezi kuishi bila viwanja vya nchi kavu. Ikiingia bandarini, ndege zake huruka kwanza na kutua mahali pengine ili marubani waendelee na mazoezi na mafundi wafanye kazi zao. Ndivyo vilivyozaliwa vituo vya anga vya jeshi la majini: HMS Kipanga pale Port Reitz, HMS Korongo Nairobi, na HMS Kilele mjini Tanga. Naomba msomaji asipite haraka hapo penye Tanga. Mwaka 1942, katika kituo hicho cha Tanga, kiliundwa kikosi namba 795, na kazi yake ilikuwa kuwa akiba ya ndege za kivita kwa Kikosi chote cha Mashariki. Ndege zake zilikuwa Martlet na Fulmar.

Tanga ndiyo bandari ya kaskazini. Reli inayoanzia pale ilifika Arusha mwaka 1929, na kwa miaka mingi kahawa ya miteremko ya Meru ilishuka kwa njia hiyo hadi baharini. Mwenyeji wa Arusha anayesema vita ile ilipiganwa mbali anasahau mahali mzigo wake ulipopakiwa melini. Pembeni ya reli hiyo, katika mashamba ya mkonge, wanaume wa Tanganyika walikusanywa kwa amri ya serikali kufanya kazi, kwa sababu Japani ilikuwa imeziteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi, na Washirika walihitaji nyuzi za kamba. Meli bila kamba haitoki gatini. Wale vibarua hawakuulizwa kama vita inawahusu.

Sasa tuvuke bahari hadi Madagaska, kwa sababu huko ndiko Martlet na watu wetu walikopigana katika kampeni moja. Kisiwa kilikuwa chini ya utawala wa Kifaransa uliotii serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani, na Waingereza waliogopa Japani isije ikakifanya kituo cha nyambizi. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 walishuka Diego Suarez. Martlet za vikosi 881 na 882 ziliruka kutoka Illustrious, zikaangusha ndege za Wafaransa, Morane-Saulnier na Potez. Septemba mwaka huohuo ikaja awamu ya pili, safari hii Majunga, na Illustrious ilikuwapo tena. Walioibeba vita kutoka pwani hadi bara ni Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, na ndani yake kilikuwamo kikosi cha sita cha King's African Rifles, yaani kikosi cha Tanganyika. Waliondoa vizuizi vya magogo na mawe barabara nzima, Antananarivo ikaingiwa tarehe 23 Septemba, na mapatano ya kusitisha vita yakatiwa saini mwezi Novemba. Baada ya Madagaska wengi wao walipelekwa Burma. Hao ni babu zetu. Nani basi ana haki ya kumwambia mjukuu wao kwamba ndege iliyoruka juu ya kampeni ile ni mambo ya Wazungu?

Na kama Madagaska bado ni mbali, nenda Tengeru. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Karibu watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliofukuzwa makwao na Wasovieti, waliishi katika kambi ya pale kuanzia 1942, chini ya Mlima Meru. Walipitia Uajemi, kisha wakavuka Bahari ya Hindi katika mwaka uleule ambao nyambizi za Japani zilikuwa zikizamisha meli katika Mlango wa Msumbiji. Hatari ya bahari ile haikuwa hadithi. Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Meli ya Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Msafara huo haukuwa na manowari ya kubeba ndege. Anayetaka kuelewa kwa nini ndege ndogo ya sitahani ilikuwa na thamani aanzie kwenye meli hiyo.

Najua pingamizi zito linalokuja, nalo nalichukulia kwa uzito wake. Watasema: ndege ile ilikuwa ya mkoloni, na kuiunda ni kumtukuza. Mwananchi wa Madagaska hakupata uhuru Waingereza walipowashinda Wafaransa. Alibadilishiwa bwana kwa muda, kisha akarudishiwa yule wa zamani. Askari wa Tanganyika aliporudi nyumbani alikuta nchi ni ya Gavana vilevile. Hayo yote ni kweli. Lakini ukweli huo haufutiki kwa kuacha Martlet na kuchukua Corsair, ambayo nayo ilikuwa ya jeshi la dola kubwa. Unafutika tunaposema hatukuwapo. Mkoloni mwenyewe angefurahi tukisema hivyo, maana deni lisilokumbukwa halidaiwi.

Wameru wanalijua hili kuliko wengi. Vita ile iliua Shirikisho la Mataifa na kuzaa Umoja wa Mataifa, na Tanganyika ikawa chini ya udhamini wake mwaka 1946. Wananchi wa Engare Nanyuki walipofukuzwa kwenye ardhi yao mwaka 1951 ili wapewe walowezi, msemaji wao Kirilo Japhet alikwenda hadi New York mwaka 1952 kuwashtaki waliowafukuza. Mlango alioubisha ulijengwa na vita ambayo leo tunaambiwa haikutuhusu.

Turudi mezani, maana boksi bado linasubiri kuagizwa.

Martlet ni ndege fupi yenye tumbo kama pipa, na wengi huikataa kwa hilo. Tumbo hilo lina kazi. Magurudumu hayaingii kwenye bawa bali ubavuni, na rubani aliyapandisha kwa mkono, akizungusha mpini kama mara 30 huku ndege ikipanda. Bawa likiwa halina magurudumu, likawa huru kukunjwa. Leroy Grumman alitafuta namna ya kulikunja kwa kutumia kifutio cha penseli na vibanio vya karatasi, akivichomeka kwa mshazari mpaka akapata pembe ambayo bawa linajigeuza na kulala nyuma, ubavuni mwa ndege. Upana ukashuka kutoka mita 11.6 hadi mita 4.4 hivi, na sitaha iliyokuwa ikibana ikabeba ndege nyingi zaidi. Nawaomba wanaoita kazi yetu mchezo wa watoto wakitafakari kifutio hicho. Fumbo lile lilitatuliwa kwa modeli ndogo iliyoshikwa mkononi.

Kwa hiyo ukiagiza, agiza boksi linalokuruhusu kukunja mabawa. Airfix wana Martlet Mk IV ya skeli ya 1/72, ambayo mabawa yakiwa wazi ina upana wa sentimita 16, inatosha kwenye rafu yoyote ya chumba cha kupanga. Lakini soma namba ya toleo vizuri. Mk IV ina injini ya Wright Cyclone, silinda 9 katika duara moja. Martlet za Illustrious za mwaka 1942 zilikuwa Mk II, zenye injini ya Twin Wasp, silinda 14 katika duara mbili, na pua yake ni tofauti. Anayetaka hiyo na ana nafasi ya skeli ya 1/48 aanze na F4F-4 ya Tamiya, yenye plastiki safi na maungio yanayokaa bila kulazimishwa, kisha arekebishe kasha la injini kwa kufuata picha za wakati ule. Tamiya hawakutengeneza mabawa ya kukunja, kwa hiyo mwenye mikono mizuri atayakata mwenyewe. Mwenye haraka ayaache wazi, hana kosa.

Rangi ni kijivu cheusi cha bahari na kijivu cha kijani kwa juu, na chini rangi hafifu ya anga. Zisiwe za kung'aa. Vumbi la Julai hapa Arusha hushika rangi mbichi upesi, kwa hiyo funika ndege kwa boksi lake hadi ikauke. Kwenye alama za duara kuwa makini na mwaka: baadaye Waingereza wa upande huu wa dunia waliondoa nyekundu ya katikati ili ndege zao zisidhaniwe za Kijapani, na stika za mwaka 1944 zikibandikwa kwenye ndege ya Mei 1942 zinaharibu kazi yote.

Ikikamilika usiifungie chumbani. Walimu wa historia wa Arusha wanafundisha Vita Kuu ya Pili kwa ramani za Ulaya, na makumbusho yetu, pale Boma na lile la Azimio la Arusha, yana nafasi ya meza ndogo. Wapelekee. Kwenye kibao cha chini andika aina ya ndege, namba ya kikosi, mwaka na mahali: 795, Tanga, 1942, au 881, Illustrious, Majunga, 1942. Pembeni yake weka jina la mzee wa ukoo wako aliyekwenda Madagaska au Burma, ukilipata, pamoja na namba yake ya kijeshi kama cheti chake bado kiko ndani ya sanduku la bibi. Jina la rubani usiliweke mpaka umeliona kwenye kumbukumbu.