Usibadilishe Jina la Peji Kama Mtu Anayehama Usiku na Kodi ya Watu

Wiki jana nilibadilisha jina la peji yangu ya Facebook. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili, lakini nilikaa miezi saba nikiiogopa, na hiyo miezi saba ilinifundisha vitu ambavyo naona wasee wengi wa huku Kitui na upande wa Makueni hawavijui. Ama wanavijua na wanajifanya hawavioni.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Hiyo peji niliifungua 2021 nikiwa chuo. Nilikuwa natoa raba za mtumba Gikomba, naziosha na mswaki, napiga picha juu ya ukuta wa hosteli, nauza. Jina la peji lilikuwa jina la utani la chuo chetu, halafu neno raba. Wakati huo ilikuwa akili nyingi sana, maana kila mtu chuoni alikuwa ananipata. Halafu karo ikanishinda, mwaka wa tatu sikurudi, na sasa niko Kitui mjini, si mbali na soko la Kalundu, nauza asali. Mzee wa mama mkubwa ana mizinga huko upande wa Mutomo na hajui kuuza. Mimi najua kuuza na sina mizinga. Biashara ikaanza hivyo.

Lakini peji ilibaki na jina la chuo nilichoacha. Kila nikiposti mtungi wa asali, juu yake kuna jina la mahali ambapo nilitoka bila cheti. Wafuasi 4,100, na karibu wote ni watu waliotaka raba namba 42.

Kilichoniamsha ni mama mmoja wa Makindu. Aliona posti ya asali mahali imeshirikishwa, akanipigia, tukaelewana kilo tatu, 2,700. Mzigo ungeshuka na matatu ya Kibwezi. Siku hizi hiyo barabara ya Kitui kupitia Mutomo mpaka Kibwezi ni lami, unavuka Athi unaingia Makueni bila kuzunguka Machakos. Akalipa kwa namba ya tili. Sasa, tili yangu pia niliichukua nikiwa chuo. Ujumbe wa M-Pesa ukarudi ukamwambia pesa zake zimeingia kwa muuza raba. Kwa peji, raba. Kwa simu, kijana anasema asali. Manze, mimi mwenyewe ningejiripoti.

Alinipigia mara sita nikiwa kwa boda sisikii. Niliposhika simu alikuwa ameshaniweka kwa kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa huko, na namba yangu, na neno "mwizi". Akaniambia, kwa upole wa kuogopesha, "Mwanangu, kama una shida ya pesa ungeniomba tu." Asali ilifika kesho yake saa nne asubuhi. Aliomba msamaha, akaagiza tena mwezi uliofuata. Lakini lile neno kwa kile kikundi sijui kama lilifutwa.

Kwa hivyo, kwangu mimi jina la peji si rangi ya kibanda unayopaka ukichoka. Ni kitu mteja anashikilia kwa sababu hakuoni uso. Yeye yuko Makindu, wewe uko Kalundu, katikati kuna jina na mwito wa simu. Jina likidanganya, hata asali safi inaonekana sukari iliyochemshwa.

Kuna wale watasema, si ungefungua peji mpya tu? Wengi waliniambia hivyo na si wajinga. Peji mpya ni safi, haina historia. Hapo ndipo naona shida. Mtu anayeuziwa kitu na peji ya wiki mbili ana haki ya kuogopa. Peji yangu ilikuwa na miaka, ilikuwa na watu waliokomenti "raba zimefika, asante," ilikuwa na hata msee mmoja aliyenitukana 2022 kwa sababu soli ilibanduka, na mimi nikamrudishia pesa hapohapo mbele ya watu. Nilifikiria sana kuhusu hilo tusi. Ni ushahidi bora kuliko tangazo lolote ningelipia.

Na tena huwezi kujificha hata ukitaka. Ukienda kwa peji yoyote, ufungue sehemu ya maelezo, kuna mahali pa uwazi wa peji panapoonyesha ilifunguliwa lini na imewahi kuitwa nani. Wachache sana wanajua. Fungua leo, tafuta peji zile za "nafasi za kazi Ukambani" na "mapenzi matamu", uone zimezaliwa zikiitwa nini. Utacheka, halafu utaacha kucheka.

Kwa sababu kuna biashara nyingine kabisa hapa, na ndiyo imenifanya niandike. Watu wananunua peji. Hawanunui biashara, wananunua wafuasi. Mwezi wa pili jamaa aliniingia inboksi akitaka yangu kwa 12,000. Hakuuliza nauza nini. Aliuliza wafuasi ni wa kaunti gani. 2027 iko karibu, si lazima nikuchoree. Sitajifanya malaika, kodi ilikuwa imefika na niliandika "sawa" kabla sijaifuta. Nilichofikiria ni yule mama wa Makindu akiamka asubuhi akute yule kijana wake wa asali amegeuka kuwa mheshimiwa mtarajiwa mwenye miwani.

Mama yangu mdogo, anayeshona vitenge Wote, hilo lilimpata kweli. Kijana fulani alimfungulia peji, kwa simu ya huyo kijana, kwa akaunti ya huyo kijana. Mama mdogo alikuwa anatuma picha tu, yule anaposti. Miaka miwili. Siku moja wateja wakaanza kumuuliza kwa nini anauza utabiri wa mechi. Jina limebadilishwa, picha za nguo zimefutwa, wafuasi ni walewale. Hakuwa na pa kushtaki kwa sababu kwenye karatasi, na kwenye Facebook, ile peji haikuwa yake hata siku moja. Aliilipia tu.

Kama una mama, anti, au jirani mwenye peji aliyofunguliwa na "mtaalamu", nenda leo uangalie nani ana mamlaka kamili. Asiyekuwa nayo hawezi kubadilisha jina, na aliye nayo hahitaji kumuuliza mtu.

Sasa jina lenyewe. Hapa ndipo nitagombana na marafiki zangu. Biashara za huku zina ugonjwa wa kujiita Nairobi. Duka liko Emali, peji inasema Nairobi. Saluni iko Mwingi, Nairobi. Nikamuuliza mmoja kwa nini, akasema wateja wanachukulia za nyumbani kuwa za kishamba. Lakini huko Nairobi kwenyewe, ukipita sokoni, mtu anayetaka kukuuzia asali kwa bei ya juu anakuambia nini? "Hii ni ya Kitui." Hata kama imetoka kwa sufuria ya jirani yake. Wao wanatumia jina letu kuuza, sisi tunakopa lao!

Angalia maembe ya Makueni. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na mlango ukafunguliwa tena 2021. Kati ya hapo kulikuwa na kazi nyingi shambani, mitego ya nzi na kukagua, na Makueni ilikuwa mbele kwa hiyo kazi. Leo neno Makueni kwenye embe lina uzito, na hakuna aliyelipa wakala wa matangazo. Halafu msee wa Wote anatengeneza juisi ya hayohayo maembe na kuipa jina la mtaa wa Nairobi ambao hajawahi kulala. (Sawa, Wote ni jina gumu. Ukiandika "Wote Fashoni", mtu wa Mombasa anauliza, fashoni ya watu wote ama ya nani? Ongeza "Makueni" mbele, yaishe.)

Na ndiyo, najua vichekesho. Siku niliyoweka neno Kitui kwenye peji, komenti ya kwanza ilikuwa: "Ukikosa kulipa hii asali unaanza kula nyasi." Ya pili ilikuwa ng'ombe. Zamani ningekasirika. Sasa nilijibu kwamba ndiyo maana sina mdeni, na ile posti ikaenda mbali kuliko zote nilizowahi kuweka. Nchi nzima inatujua kwa kamuti. Acha watujue na kwa asali pia.

Kuhusu kampuni kubwa, wao hubadilisha jina kila wakija wenyewe wapya. KenCell ilikuwa Celtel 2004, Zain 2008, Airtel 2010. Lakini babu yangu hakuhama kutoka 0733 yake, na ndiyo maana hakujali bango linasema nini. Twitter nayo imeitwa X tangu Julai 2023 na bado nikisema X mathe anadhani nazungumzia hesabu. Wao wana pesa za kuturudia jina jipya masikioni mpaka tuzoee. Mimi nina bando ya shilingi ishirini. Kwa hivyo nilichofanya ni kuhakikisha 0733 yangu haibadiliki: namba ileile ya simu, picha ileile ya uso wangu, na kwa wiki tatu kabla nikawaambia watu kila posti kwamba tarehe fulani raba zinaisha na jina linabadilika, asiyetaka asali aondoke kwa amani. Waliondoka kama mia tatu. Waende salama.

Tili ndiyo ilinisumbua kuliko Facebook. Facebook hawaulizi cheti cha biashara, unaandika jina, wanakagua, na ukikosea herufi unangoja siku saba kabla ya kubadilisha tena, kwa hivyo soma mara mbili. Lakini kubadilisha peji hakubadilishi jina ulilosajili kwa eCitizen wala lile linalotokea kwa ujumbe wa M-Pesa. Ni safari tatu tofauti na watu wanafanya moja. Mimi nilianza na karatasi, nikafuata tili, peji ikawa ya mwisho. Nikaacha pia ule mwisho wa kiungo, yaani jina la mtumiaji, mpaka nilipomaliza stika za mitungi zilizokuwa zimechapishwa. Mitungi sitini na mbili. Siwezi kutupa.

Mathe aliposikia nimebadilisha jina aliuliza swali moja: "Na wale unaowadai na wanaokudai, wamejua?" Nikamwambia wamejua wote. Akasema basi ni sawa, akaniuliza kama nimekula.

Jana usiku msee tuliyekaa naye hosteli, ambaye anamaliza mwaka huu, aliniandikia. Nilidhani atauliza kuhusu jina la chuo, kwa nini nimelitoa. Aliuliza kama bado nina ile raba nyeusi namba 42 ya mwisho. Ninayo. Nitamtumia na kilo moja ya asali, na ujumbe wa M-Pesa utasema kilicho kweli.