Fulla tulimsemesha Kiarabu

Tangu tuzungumze kwenye podikasti juu ya michezo ya utotoni, jina moja linarudi kila siku kwenye ujumbe wenu: Fulla. Nyie wadogo zetu mliozaliwa baadaye huenda hamkumkuta, basi safu ya leo ni yenu.

Lakini hatumfahamu Fulla bila Barbie. Barbie alitoka Marekani mwaka 1959, na Mattel, kampuni inayomtengeneza, haijaacha kumfuatisha na wakati. Mwaka 1965 akavalishwa nguo za mwanaanga, hata mwezini watu hawajafika. Watoto wa bandia weusi walikuwepo, kama Christie wa mwaka 1968, lakini huyo alikuwa rafiki tu wa Barbie. Mweusi aliyepewa jina lenyewe la Barbie alisubiri mpaka 1980.

Mwaka 2003 Saudi Arabia, mutawa, yaani polisi wa dini, wakampiga Barbie marufuku kwa nguo zake. Mwishoni mwa mwaka ule ule kampuni ya NewBoy ya Syria ikamtoa Fulla. Huku Ghuba alikuja na abaya nyeusi na mtandio, na msala wake wa pinki. Tangazo lake lilikuwa Spacetoon, na ule wimbo tuliuhifadhi wote. Hata jina halikuwa geni: full kwa Kiarabu ni ua lile lile la asmini ambalo bibi zetu wa Unguja walikuwa wakitia kwenye nywele.

Kwa hiyo sisi wa Dima wa Tayyin tulifurahi, kwani abaya ile ndiyo ya mama na ya shangazi. Lakini hebu mtazameni vizuri Fulla tuliyemkuta dukani. Nguo zimebadilika, ngozi bado nyeupe, nywele zimenyooka mpaka mgongoni. Barbie alitwambia uzuri uko Marekani. Fulla akatwambia la, uzuri uko Uarabuni, ila si kwa sura kama yako wewe.

Na kuna jambo jengine ambalo mie nimeliona baada ya kuwa mama. Fulla tulimsemesha Kiarabu. Hakuna aliyetuamrisha. Nyumbani tunaongea Kiswahili na Bibi, tukimshika Fulla tu, tunageuka: anakwenda shule kwa Kiarabu, anagombana na rafiki yake kwa Kiarabu. Manake shuleni tulikuwa tukiitwa Zinjibari, na Kiswahili tukakificha kwenye mkoba. Bandia mwenye abaya nzuri kama ile, utamsemeshaje lugha unayoionea haya?

Aliyebaki na Kiswahili ni bandia wa Bibi. Mkimsikia mtu akisema bandia leo mnafikiria pesa bandia, dawa bandia. Kwa Bibi, bandia ni mtoto wa kuchezea. Alimshona kwa merikani (ndiyo, hata yeye alikuwa na Umarekani wake!), akamjaza pamba ya mto wa zamani, akamfunga kipande cha kanga. Macho hakumtia. Huyo tulimbeba mgongoni, tukamwogesha, tukamwimbia, tukamgombeza, yote kwa Kiswahili, kwa maneno ya Bibi mwenyewe. Maneno mengi ya nyumbani niliyonayo leo, ya kubembeleza na ya kukaripia, nimeyashika kwa kuyasema kwake.

Tangu hapo mambo yamegeuka sana. Mwaka 2016 Mattel ikatoa Barbie wa maumbo mapya matatu na rangi 7 za ngozi. Mwaka 2017 ikamtangaza Barbie mwenye hijabu, kwa mfano wa Ibtihaj Muhammad, Mmarekani wa mchezo wa upanga aliyepata medali ya shaba Olimpiki ya Rio. Na mwaka 2023, miaka 20 baada ya ile marufuku, filamu ya Barbie ikaonyeshwa kwenye sinema za Saudi Arabia, wakati Kuwait wameikataa.

Leo binti yangu anaweza kupata bandia mwenye rangi yake na nywele zake, jambo ambalo mie sikulipata, na nashukuru. Lakini anamsemesha Kiingereza, kile kile cha video anazotazama. Rangi kampuni imeleta. Kiswahili haitaleta, na wala si kazi yake.

Basi siku hizi nakaa naye chini nauliza: "Mwanao hajambo? Keshakula? Mbona analia, kafanywa nini?" Mwanzo alicheka. Sasa ananijibu, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, na akikosa neno ananiuliza.

Nyie ambao bibi zenu wapo hai, waulizeni walichezea nini na walikisemesha vipi, kisha tutumieni sauti zao tuzisikilize pamoja kwenye podikasti.